Vikapu Vinne vya Mbwa wa Bure

Mbwa wa baba aliishi nasi miaka kumi na miwili, na sikumbuki hata siku moja mama akimpimia chakula. Alikuwa mbwa wa kwetu wa kawaida, rangi ya udongo, masikio wima, mbavu zikihesabika hata wakati wa mavuno. Alikula maganda ya viazi vitamu, ukoko wa chungu, mifupa tuliyokwisha kuitafuna sisi wenyewe, na fuko aliowafukua shambani. Tukiwa na njaa, naye alikuwa na njaa. Tukishiba, alinenepa kidogo shingoni.

Baba alimpata akiwa mtoto kwa bibi mmoja aliyekaa ng'ambo ya kijito, akamwachia kikapu kimoja cha wimbi. Ndiyo desturi ya kwetu: mtoto wa mbwa hachukuliwi kwa mikono mitupu. Wimbi lile hupikwa uji, akapewa mama wa mbwa, ili asimlilie mwanawe. Ukimchukua bure, wazee husema, atakaa kwako bila moyo. Baada ya kikapu hicho, gharama za mbwa yule naweza kuzitaja zote. Aliua kuku wawili wa jirani, nao wakalipwa. Alivunja chungu kimoja cha mama. Alimuuma mgeni aliyekuja kuoa kwa jirani, na baba akatoa mwanambuzi ili harusi isiharibike. Hayo tu, kwa miaka kumi na miwili ya kufukuza tumbili kwenye mahindi na nungu kwenye viazi.

Nayaandika haya kwa sababu watu wa siku hizi huniuliza mbwa gani afaa kufugwa, wa kienyeji au wa kizungu, na wote huanza kwa kuuliza bei. Mimi huwaambia bei ya mbwa haiko pale unapomchukua. Iko chunguni. Nilijifunza hivyo nikiwa msichana, na si mimi niliyelipa.

Mama alitutoka kwanza, baba akafuata kabla mwaka haujaisha, wote kwa homa. Nilikuwa nimefika darasa la nne katika shule ya misheni. Sikurudi tena. Nyuma yangu alikuwapo kaka yangu, niliyemzidi miaka minne, na mdogo wetu wa kike ambaye hakuwa ameng'oka meno ya utotoni. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko chini ya ukingo wa Manga, mahali ambapo ukisimama mlangoni unayaona mashamba yote mpaka mtoni, na tumbili nao, wakiwa kwenye miamba juu, wanakuona wewe.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo alikuja akaketi nje ya nyumba yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake saba na mke mgonjwa. Ng'ombe wa baba alikuwa amewachukua kuwatunza mpaka kaka yangu afikie umri wa kuoa.

"Watoto hugawanywa," alisema. "Huyu kwa shangazi, huyu kwangu, wewe kwa mjomba wenu. Ndivyo ilivyo siku zote."

"Hatutagawanywa," nilimjibu.

"Utawalisha nini?"

"Ghala la mama lina nafaka."

Kisha akainuka, akaingia ghalani, akaanza kupima kwa kikapu cha mama. Yeye alipima nyumba kwa vinywa: mwezi mmoja, kinywa kimoja, kikapu kimoja. Tulikuwa vinywa vitatu, na mavuno yalikuwa mbali miezi sita. Tulihitaji vikapu kumi na vinane. Alihesabu kumi na tisa.

"Kimoja kimezidi," alisema, kana kwamba ghala lilikuwa limemfanyia ubishi. "Sawa. Nitarudi ikibaki miezi miwili kabla ya mavuno. Nikikuta nafaka haitoshi, sitakuuliza tena. Nitawagawa."

Nikakubali. Nilijua hesabu yangu, na nilijua mikono yangu.

Juma lile lile mbwa wa baba akafa. Alikuwa mzee, na nadhani alichoka kumngoja mwenyewe njiani. Tulimzika kando ya migomba. Siku tatu hazikupita kabla ya tumbili kujua. Mahindi yalikuwa bado machanga, lakini walishuka wakavunja mabua kwa kuyatafuna tu, wakang'oa viazi, wakakaa juu ya jiwe letu la kusagia wakitutazama. Mdogo wangu alipiga debe kuwafukuza mpaka mikono ikamuuma. Bila mbwa, mavuno yale ambayo baba mdogo alikuwa anayasubiri yasingekuwapo.

Nilivuka kijito kwenda kwa yule yule bibi. Mbwa wake, mjukuu wa mama wa mbwa wetu, alikuwa amezaa watoto wanne. Mmoja jike alinijia akanilamba kidole cha mguu.

"Mchukue huyo," bibi alisema. "Ana kichwa cha babu yake. Kikapu cha wimbi, mjukuu wangu, kama kawaida."

"Bibi, nina kikapu kimoja tu kilichozidi."

"Basi una bahati. Wengine hawana hata hicho."

"Nikikutolea hicho sina tena cha kuzidi."

"Utakuwa na mbwa."

"Mbwa wa kiganja. Hata tumbili mtoto atambeba."

Akacheka. "Mbwa hukua. Hata wewe ulikuja hapa mgongoni."

Nilirudi nyumbani bila mtoto wa mbwa. Kile kikapu cha kumi na tisa nilikiona kama ukuta kati ya ndugu zangu na baba mdogo. Sikutaka kuubomoa kwa ajili ya mnyama.

Wiki iliyofuata nilikwenda mjini Kisii kuuza mayai na mkungu wa ndizi. Katika nyumba za maofisa karibu na Nyanchwa kulikuwa na mpishi mmoja, mtu wa kando ya ziwa, mlokole mwenye maneno mengi, ambaye alizoea kununua mayai yangu. Siku hiyo hakuyataka. Bwana wake alikuwa amehamishwa, mizigo ilikuwa imefungwa, na penye ngazi ya nyuma alikuwa amefungwa mbwa mkubwa, mgongo mweusi, miguu rangi ya asali, kifua kama cha ndama.

"Binti, mayai hapana," mpishi alisema. "Lakini ukitaka mbwa, chukua. Bwana ameniambia nimpe mtu mwema au apigwe risasi. Wewe ni mtu mwema?"

"Anauzwa shilingi ngapi?"

"Nimesema chukua. Bure. Na mnyororo wake. Na hiki kibati cha leseni cha shingoni, kimekwisha kulipiwa mwaka huu, ingawa huko kwenu mlimani hakuna atakayekiuliza."

Nilimtazama mbwa. Mbwa akanitazama kama ofisa anayesikiliza shauri. Nikawaza tumbili wakimwona.

"Anakula nini?"

Mpishi alikwepa macho yangu kidogo. "Hapa alikula nyama, na wali, na maziwa. Lakini mbwa ni mbwa. Atazoea mnachokula ninyi." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa dini, akaongeza: "Anakula vizuri. Nisikufiche. Na hawa hawaishi sana kama wenu. Miaka tisa, kumi, basi. Tena anasikia Kiingereza tu. Ukimwambia aketi kwa lugha yenu atadhani unaimba."

Niliona miaka tisa ya mahindi salama, bila kutoa hata punje. Nikaufungua mnyororo pale ngazini, nikaushika.

Njia nzima ya kurudi watu walinisimamisha. Penye njia panda wanawake waliotoka sokoni waliweka mizigo chini ili wacheke vizuri.

"Binti, unamwongoza au anakuongoza?"

"Ametoa ng'ombe wangapi huyo bwana wako? Angalau amekuja na mnyororo."

"Mwacheni, ameolewa na Mzungu."

Nilicheka nao. Kusema kweli nilijiona mtu. Baba alikuwa na mbwa wa kikapu kimoja. Mimi nilikuwa na mbwa wa Mzungu, bure.

Tumbili walimwogopa, hilo sitamnyima. Siku ya kwanza aliunguruma mara moja tu, na miamba yote ikawa kimya. Miezi yote aliyokaa kwetu hawakushuka. Majirani walituma watoto wao waje waazime mbwa asubuhi moja, na mdogo wangu akawa anawakubalia au kuwakatalia kama chifu. Usiku alilala na mgongo wake kwenye ubavu wa mbwa, akaacha kumlilia mama.

Lakini mbwa yule hakujua kula kwetu. Nilimtupia maganda, akayanusa, akaketi mbele yangu akingoja chakula kije. Nilimpa ukoko, akauangalia. Siku ya tatu alianza kutetemeka miguu, nami nikaona haya, kama mtu aliyealika mgeni kisha akaficha chungu. Nikamsongea ugali wa wimbi, bonge la mikono miwili, na mchuzi wa mboga. Akaumaliza kabla sijaweka mwiko chini. Akatazama mwiko.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la watu wa kwetu. Chakula chetu sisi watatu nilikipima kwa kikapu, kila mwandamo wa mwezi, kwa uangalifu ambao hata mama asingeuona una dosari. Chakula cha mbwa nilikichota kwa mkono. Konzi mbili asubuhi, konzi tatu jioni, na siku ya mvua konzi moja zaidi kwa kuwa alilowa. Kwetu hakuna aliyewahi kumpimia mbwa nafaka. Lingekuwa jambo la kuchekwa. Mbwa hana kikapu chake. Kwa hiyo sikumhesabu. Niliingia ghalani nikatoka, na giza la ndani likanisaidia kutoona.

Mengine pia yaliingia polepole. Funza walimwingia kwenye nyayo, ambazo zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, na kila jioni nilikaa nikiwatoa kwa mwiba. Kupe walimjaa masikioni, nikanunua dawa dukani kwa Mhindi kwa fedha ya mayai. Nyama sikuweza kumpa. Aliitafuta mwenyewe kwa kufukuza panya, hakuwa na ufundi huo, akakanyaga vitunguu vyote.

Kaka yangu ndiye aliyeona. Alikuwa bado shuleni. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya mimi kushikilia nyumba. Jioni moja aliingia ghalani kuchukua jembe akatoka taratibu.

"Dada, umepima lini mara ya mwisho?"

"Mwandamo wa mwezi. Vitatu, kama kawaida."

"Sisemi ulivyotoa. Nasema vilivyobaki."

Tukaingia wote wawili. Yeye alishika kikapu, mimi nikajaza. Tulikuwa tumemaliza miezi mitatu na siku chache za wa nne. Nilitarajia vikapu saba mwezi huo ukiisha. Tulichokuta kilikuwa hakifiki hapo hata karibu. Tulipima mara ya pili, kwa kuwa mtu huwa hataki kuamini kikapu.

Kaka yangu akakaa mlangoni na kibao chake cha shule. Aliandika pole pole, akifuta kwa kiwiko.

"Anakula kikapu kizima kwa mwezi, na zaidi," alisema. "Kama mtu. Kama mimi."

"Yule wa baba je?"

"Kikapu kimoja. Kuku wawili. Chungu. Mwanambuzi." Akafikiri. "Tuseme vyote pamoja vikapu sita vya nafaka, kwa miaka kumi na miwili."

"Na huyu?"

"Miaka tisa, kila mwezi kikapu." Chaki ikalia. "Mia moja na vinane."

Mbwa alikuja akaweka kichwa chake kwenye goti la kaka yangu, juu ya hesabu yake.

"Yule alikuwa wa kununua," kaka yangu alisema, "na huyu ndiye wa bure."

Ningeweza kumwacha afe njaa. Wako walionishauri hivyo. Ningeweza kumfukuza, naye angeiba kwa watu mpaka apigwe mikuki. Nilifikiri wiki tatu, nikimlisha bado, kwa kuwa mnyama aliye mlangoni pako hangojei wewe umalize kufikiri. Mwishowe nilimpeleka mtoni kwa mwenye kinu cha maji. Pale pumba na unga wa kufagiwa haukosekani, na wezi pia hawakosekani.

Alikuwa mzee mnene, unga kwenye nyusi, aliyezoea kupiga kelele kushinda gurudumu.

"Anakula nini?"

"Kama mtu mzima," nilisema. "Konzi tano kwa siku, na usipompa atakutazama. Ana nyayo laini. Atakugharimu, mzee."

"Wewe unauza au unazuia?"

"Nimekwambia ulivyouliza."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kila mtu aliyeniletea mbwa hapa aliapa kwamba anaishi kwa hewa. Sawa. Nitamchukua. Lakini simchukui mikono mitupu, nisije nikalala na mnyama asiye na moyo." Akanijazia kikapu changu mahindi, akakisukasuka yashikane, akaongeza juu. Mbwa alijaribu kunifuata. Mnyororo ulimzuia. Sikugeuka, kwa kuwa nilikuwa na nafaka kichwani na njia ina utelezi. Jioni hiyo mdogo wangu hakula.

Baba mdogo alikuja siku aliyosema. Hakuketi. Alipima huku mimi na kaka yangu tumesimama nje, na tuliweza kusikia kikapu kikikwaruza sakafu ya fito. Kilikwaruza mara nne.

Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye ndevu. "Mlikuwa na kumi na tisa. Mmekula kumi na viwili, ndivyo ilivyopasa. Viko wapi vitatu?"

"Ni vinne," nilisema. "Kimoja cha hivi ulivyovikuta nimepewa kinuni. Mbwa amekula vinne."

"Mbwa." Alirudia neno hilo kama mtu anayeonja maziwa kujua kama yameharibika. "Mtoto wa kaka yangu amempimia mbwa wimbi."

"Sikumpima. Ndilo kosa langu."

Aliangalia shamba. Mahindi yalikuwa yamesimama vizuri, marefu kuliko ya majirani, na tumbili walikuwa wameanza kurudi kwenye ukingo wa miamba. Kaka yangu angewalinda alfajiri na jioni, mimi mchana.

"Vikapu vinne, miezi miwili," alisema hatimaye. "Ni vinywa viwili. Sitawagawa wote. Kinywa kimoja kitaondoka mpaka mavuno. Chagua wewe."

"Nitakula nusu."

"Na utapalilia nusu? Kinywa hakikatwi."

"Mimi nitaondoka basi," kaka yangu alisema.

"Shangazi yenu yuko Mosocho. Shule yako iko hapa. Ukiondoka umeiacha." Akanigeukia. Hakusema jina la aliyebaki. Mdogo wetu alikuwa nyuma ya nyumba akimsukia mwanasesere nywele za mahindi.

Sikulia mbele ya baba mdogo. Nilimwomba siku moja. Nikamwosha mdogo wangu, nikamshonea gauni lake lililochanika, nikampaka mafuta miguuni. Nilimwambia ni mpaka tutakapovuna. Aliniuliza kama mbwa naye atarudi tukivuna. Nikamwambia hapana. Akauliza kama yeye naenda kumwacha mahali pale pale nilipomwacha mbwa. Nikamwambia hapana, kwa shangazi, na kwa shangazi kuna watoto. Tulitembea mpaka Mosocho. Shangazi alitupokea vizuri, akaniwekea uji, akasema mtoto mmoja si mzigo. Nilipoondoka mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni akishika fito ya ukuta, na hakunikimbilia.

Miezi ile miwili tulifanya kazi mimi na kaka yangu kama watu wanaolipa deni, ingawa hakuna aliyetudai. Niliamka kabla ya tumbili. Nilipiga debe, nilirusha mawe, sauti yangu ikawa ya mwanaume. Mwezi ulipoandama nilitoa vikapu viwili, na vilionekana vichache mno kwenye jungu, ingawa hesabu ilikuwa sawa.

Tulivuna. Ghala lilijaa mpaka baba mdogo mwenyewe akaja kutazama, akatingisha kichwa, akasema tu kwamba fito za mlango zinahitaji kufungwa upya. Akazifunga yeye. Hakurudia tena habari ya kugawa watoto, siku hiyo wala baadaye.

Kesho yake nilikwenda Mosocho. Mdogo wangu alikuwa amenenepa kidogo, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Iliniuma kwamba sikuwapo. Njiani alizungumza sana, habari za watoto wa shangazi, habari za ng'ombe mwenye pembe moja. Alimwita shangazi mama, kisha akanitazama, kisha akaendelea.

Jioni nilisonga ugali wa wimbi jipya, na chinsaga, mboga chungu ya kwetu, niliyoichemsha na maziwa tangu mchana. Kaka yangu alikaa mahali pake. Mimi nikakaa pangu. Mdogo wangu alinawa mikono, akasimama karibu na mlango, akiwa ameikunja mbele yake kama watoto wanavyofunzwa wanapokuwa kwa watu.

"Mimi nikae wapi?" aliuliza.

Kaka yangu akaangalia chini. Nikasogea, nikampisha upande wangu wa kulia, palepale alipokaa tangu alipojua kukaa. Alikaa. Alingoja nimkatie tonge, na nilipomkatia akasema asante, jambo ambalo nyumbani kwetu mtoto hamwambii dada yake.